Mboga ya Uchungu Juu ya Simenti

Siku hizi kila mutu katika Bunia analima katika mufuko. Unapita njia ya avenyi, unachungulia ndani ya parsele, kiwanja cha nyumba za watu, unaona lenga-lenga, yaani muchicha, inatoka katika bidon ya mafuta iliyokatwa, kitunguu katika beseni lenye kutoboka, nyanya imefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya barza. Watu wa magari meupe walikuja kufundisha wakimbizi hiyo kazi, wakapiga mafoto, wakaenda. Wanasema ni jambo jipya. Mimi nacheka peke yangu. Barza yangu ilijaa mabeseni wakati watu walikuwa bado wananiuliza kama nimerukwa na akili.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, basi musitafute hapa maneno ya direktere wa masomo. Naandika sawa vile nasema. Binti yangu mukubwa ndiye alinisukuma. Alinikuta nachuma mboga asubuhi, akaketi kwenye ngazi, akasema, "Papa, andika ile mambo. Weye unazeeka na domo kali, utakufa nayo yote ndani ya kinywa." Domo kali ni kweli. Ni kitu kimoja chenye hawakuninyang'anya.

Siye ni watu wa Djugu, wa kilima kimoja cha baridi, fasi ukungu unachelewa kutoka na jua linakuja kama mugeni mwenye haya. Kule nililima maharagi, muhindi na viazi. Hiyo ilikuwa kazi ya mwanaume: shamba la mbali, jembe zito, kuamka na kwenda. Mboga haikuwa kazi yangu. Mboga ilikuwa nyuma ya jiko, kipande kidogo cha kutosha kutandika mikeka, na mwenye kuingia mule alikuwa muke wangu. Mwanaume akionekana ameinama pale, wenzake watamuuliza kama leo amefunga kitenge. Basi miaka yote ya ndoa yetu nilikula kutoka kile kipande bila kujua jina la jani hata moja. Niliziita zote mboga. Sahani ilikuja, nilikula, nilinawa.

Lakini sauti yake kule nyuma naikumbuka vizuri kuliko sura yake. Alikuwa anagombana na kuku. "Weye! Kichwa ngumu sawa bwana yangu, toka kwa mboga yangu!" Mimi niko mbele ya nyumba nanoa jembe, nasikia, najifanya sisikii. Moshi unatoka katika majani ya paa. Harufu ya majani mabichi yaliyokanyagwa inazunguka nyumba na kunikuta. Wakati ule nilidhani hiyo ndiyo harufu ya jioni. Sikujua ni harufu ya kazi ya mutu.

Wale walioivunja ile nyumba nawajua. Majina yao niko nayo yote kichwani, na siyaandiki hapa, kwa sababu watoto wao wako hai na hawakunikosea. Lakini kazi zao nitaandika. Ni vijana wa kilima cha ng'ambo ya kijito, wenye tulicheza nao mupira wa majani ya ndizi. Mumoja wao nilimubeba mugongoni siku alivunjika muguu. Ni muzee mwenye duka la njia panda, mwenye aliwalisha walipokuwa wanakusanyika, kisha akaapa kwamba hakuona kitu. Ni mukubwa wa waaskari mwenye alituambia tulale bila woga, halafu yeye na watu wake wakapanda gari mangaribi ile. Hao ndio. Mutu akiniambia, "Vita ilikuja", namujibu: vita haina miguu. Ilibebwa.

Asubuhi ile muke wangu alikuwa nyuma ya jiko. Sitaandika zaidi. Nilitoka na watoto wetu wawili, wasichana, mukubwa kwa mukono, mudogo kwa shingo, na hatukupata nafasi ya kumuzika mama yao.

Bunia tulipata vyumba viwili katika parsele ya mutu mwenye alitajirika kwa dhahabu ya Nizi. Alikuwa amemwaga simenti pote, kutoka mulango wetu mpaka ukuta wa njia, juu ya vile hakutaka matope yaguse gari yake. Hata fasi ya kusimamisha muti wa kamba ya nguo haikuwapo. Na kazi yenye nilipata, mimi mulimaji mwenye baba yake alimufundisha kunusa udongo mbele ya kupanda, ilikuwa kuwachanganyia simenti masoni, mafundi wa kujenga. Muchana nilisaidia kufunika udongo wa Bunia. Jioni nilirudi kulala juu ya udongo wenye walikuwa wamefunika wengine.

Hayo yote ningevumilia. Shida ilikuwa mutoto mudogo. Hakutaka kula.

Alichukua bugali peke yake, akachovya katika chumvi, akatafuna polepole kama muzee bila meno. Nilimuletea sombe, majani ya muhogo. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukuma sahani. Nilimuletea maharagi. Akatema. Nilileta samaki ya chumvi ya Tchomia, chakula cha watu wenye bahati. Akatema. Na kila mara neno lilikuwa moja:

"Si ya mama."

Dada yake alimubembeleza, nilimubembeleza, nilimutisha na fimbo yenye sikuwa na moyo wa kuinua. Si ya mama. Nywele zake zikaanza kugeuka rangi, nyepesi na nyekundu kama ndevu za muhindi. Muganga wa kituo cha afya alimufinya mukono, akaangalia ngozi inavyochelewa kurudi. Akaniambia, "Papa, huyu mutoto asipokula mboga na maharagi, mara nyingine utamuleta hapa umemubeba." Nilirudi njia yote nimemushika mukono kwa nguvu mpaka akasema ninamuumiza. Nilikuwa nimeacha mumoja nyuma. Sikuwa na udongo wa kumufunika wa pili, hata moyoni.

Chumba cha pembeni alikaa mama mumoja mujane, muuza mandazi. Alikaanga kwenye barza tangu alfajiri, na hakuna jambo la parsele lenye lilimupita. Ndiye alinipa shauri.

"Shemeji, mutoto anakumbuka mama yake anachuma. Mboga ya soko kwake ni kitu bila mutu. Panda yako. Akuone unachuma, atakula."

"Nipande wapi, mama? Kwa simenti?"

"Kwani Mungu aliumba beseni juu ya kunawa tu?"

Basi nikaanza kubeba udongo kutoka bondeni, katika mifuko tupu ya simenti yenye nilipewa kazini. Watu wa avenyi walisimama kuniangalia. "Wenzake wanarudi na unga, yeye anarudi na udongo." "Labda anataka kurudisha Djugu kidogo kidogo." Niliwajibu mambo mengine yenye siwezi kuandika mbele ya watu wa kanisa.

Nikapata beseni lililotoboka, bidon mbili za mafuta, na kikombe cha taa ya gari iliyovunjika. Nikajaza. Na nikapanda lenga-lenga sawa vile nilijua kupanda, yaani sawa muhindi. Nilitoboa mashimo kwa kidole kikubwa, nikatia mbegu ndani sana, nikaacha nafasi ya mutu kupita na jembe. Katika beseni. Mama wa mandazi alikuja, akaangalia vile vishimo vitatu, akarudi kwa mafuta yake, mabega yakimutetemeka kwa kicheko.

Hata hivyo zilitoka chache, Mungu anawahurumia wajinga. Zilipofika kimo cha kiganja niliita watoto wangu wote wawili waje kuona baba yao anachuma mboga. Nikainama. Nikashika shina kwa nguvu, nikang'oa.

"Yeee! Shemeji!" Mama wa mandazi aliacha kijiko katika mafuta. "Unang'oa mboga sawa muhogo? Unatafuta kiazi chini yake?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mboga inachumwa, haing'olewe! Ukate kichwa, uache miguu. Kesho itatoa vichwa vingine. Muke yako alikuwa anakupikia mizizi?"

Nilisimama pale na lenga-lenga mukononi, mizizi inaning'inia, udongo unaanguka juu ya viatu. Watoto wa parsele walipiga vigelegele. Tangu siku ile waliniita Papa Ng'oa, na wengine wenye leo wako na ndevu bado wananiita hivyo njiani. Lakini kati ya ile kelele nilisikia kicheko kimoja chenye sikukisikia tangu kilima. Mudogo alikuwa anacheka, mukono kinywani. Nilitamani kung'oa bustani yote ili acheke tena.

Tulipika. Alionja. Nilikuwa nimesimama juu yake sawa mutu anangoja hukumu.

"Papa, ni nzuri," alisema, kwa huruma, kama mutu mukubwa. "Lakini si ya mama. Ya mama inauma ulimi." Na akasukuma sahani.

Mukubwa ndiye alinifungulia mulango. Alikuwa kwenye umri wa kuanza kusaidia jikoni mbele ya sisi kukimbia, na alikumbuka. "Papa, anasema ile yenye maua meupe. Yenye matunda ndogo nyeusi. Tulikula ile matunda, meno ikakuwa nyeusi, mama akatufukuza na mwiko." Basi hiyo ndiyo ilikuwa kwenye sahani yangu jioni kwa jioni. Nilikumbuka uchungu wake nyuma ya ulimi, uchungu muzuri, wenye unafanya bugali liwe tamu. Jina? Sikulijua. Ningeuliza nani?

Nilianza kutembea katika soko kila siku bila kazi. Nilipita mafungu ya sombe, ngai-ngai, matembele, shu kubwa za kutoka milimani. Niliwaeleza wanawake: maua meupe, matunda meusi, inauma. Wengine walisema, "Hiyo ni majani ya porini, Papa, watu wa muji hawaitake." Mumoja aliniuliza kama natafuta dawa ya wanaume. Nilikuwa mutu wa kuchekwa, na nilizoea.

Halafu siku moja nikaiona. Fungu moja tu, dogo, pembeni ya vitunguu vya mama mumoja mwembamba aliyeketi juu ya bidon iliyopinduliwa. Niliinama, nikavunja jani, nikanusa. Nikanusa tena. Ilikuwa nyuma ya jiko letu kabisa, pamoja na kuku na sauti.

"Karibu, Papa," alisema yule mama.

Na kwa neno hilo moja nilijua. Kila mutu wa Djugu anajua: ulimi hauwezi kujificha, hata katika Kiswahili. Alikuwa wa kilima cha ng'ambo ya kijito. Wa wale.

"Hii ni bei gani?" nilimuuliza bila kumuangalia.

"Hiyo haina bei. Ni ya mama mumoja mwenye mimba, aliniomba. Mimi silete ya kuuza, watu hawainunue. Ukiitaka, omba mbegu."

Hapa lazima nieleze, juu ya vile watoto wa leo hawajui. Kwetu, na kwao pia, maana mbele ya huu ujinga tulikuwa na desturi moja, mbegu ya mboga haiuzwi. Majani uza, vitunguu uza, lakini mbegu inaombwa kwa mudomo. Na mwenye kukupa mbegu, siku ya kuchuma ya kwanza anakuja kwako. Anaketi, anapikiwa, na yeye ndiye anakula wa kwanza, mbele ya watu wa nyumba. Usipofanya hivyo, wanawake wanasema mboga itaota lakini itakuwa na utamu wa karatasi. Ndiyo maana mutu haombi mbegu kwa adui. Kuomba mbegu ni kufungua mulango.

"Nipokee mbegu kutoka mukono wa watu wa kwenu?" nilisema.

"Watu wa kwetu ni nani?"

"Wenye kuchoma."

Hakukasirika haraka. Alipanga vitunguu vyake kwanza. "Papa, mimi nalala chini ya plastiki nyuma ya kanisa. Unafikiri niliacha nyumba yangu juu ya kutafuta hewa? Kwenu pia kiberiti iko."

"Si mimi."

"Na si mimi. Sasa unataka mbegu ao unataka kesi? Kesi, enda kwa tribinali. Mbegu, keti."

Sikuketi. Niliondoka, naongea peke yangu njiani mpaka watu wa pikipiki wakanipisha. Nilimuwaza aje katika nyumba yangu, aketi fasi ya mbele, anyooshe mukono katika sufuria mbele ya watoto wenye ndugu zake waliwafanya mayatima. Nilisema: hapana, afadhali simenti.

Lakini mutoto hajui siasa ya baba yake. Juma lile mudogo aliacha kunikimbilia kwenye mulango wa parsele. Nilimukuta amelala muchana, nzi juu ya midomo, na miguu yake ilikuwa imevimba kidogo, inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, na shimo likabaki. Mama wa mandazi alikuwa anamupa uji wa sukari kijiko kwa kijiko. Hakunitania siku ile.

Nilirudi sokoni. Yule mama alikuwa juu ya bidon yake.

"Nimekuja," nilisema.

"Naona."

"Naomba mbegu."

Aligeuza sikio. "Nini? Pikipiki ilipita, sikusikia."

Hakuna pikipiki iliyopita. "Mama," nilisema kwa sauti, wanawake wote wa mustari ule wanasikiliza, "naomba mbegu. Niko na mutoto hataki kula."

Uso wake ulibadilika kwa neno mutoto. Kesho yake aliniletea matunda meusi yamefungwa katika jani la ndizi. Alinifundisha kuyaponda, kuosha mbegu, kuanika pamoja na majivu. "Usitoboe shimo. Mwaga juu sawa chumvi, kisha funika na udongo kidogo, kidogo kabisa. Mbegu hii ikizikwa inajua imekufa." Nikauliza, ingawa nilijua jibu, "Utakuja?" Akasema, "Mwenye mbegu anakuja. Kama hautake, rudisha."

Nilizishika kwa nguvu.

Wakati wenye ulifuata ndio nautamani mpaka leo, na naona haya kidogo kuutamani, juu ya vile tulikuwa na hofu na njaa. Asubuhi, mbele ya kwenda kazini, nilichuchumaa kwenye barza na mudogo ndani ya shati langu la zamani lenye lilimufika kwenye vifundo. Nilikuwa nimetoboa kopo kwa musumari. Yeye alishika kopo, mimi nilimwaga maji, na mvua yake ndogo ilianguka juu ya beseni. Kazi hiyo hakuruhusu mutu mwingine aiguse. Mwenye parsele alisema hakujenga shamba, alijenga nyumba, na mabeseni yasimuzuie kuingiza gari. Basi kila jioni tulibeba mabeseni kupanda ngazi na kuyapanga chumbani, na asubuhi tukayarudisha kwenye jua. Tulilaza mboga sawa watoto. Mudogo alikuwa anaziambia zigeukie ukuta.

Jioni moja alinikuta kwenye mulango wa parsele, kwa miguu yake, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Papa! Imetoka! Iko na masikio mbili!"

"Hiyo ni majani mabaya."

"Ni mboga!"

"Nikwambie mimi, mulimaji? Ni majani mabaya, kesho nitang'oa."

"Papa Ng'oa, usiguse!" Aliweka mikono miwili juu ya beseni. Masikio yalikuwa madogo kama ya panya. Alikuwa na haki, ilikuwa mboga. Jioni ile alikunywa uji wote ili, alisema, wakue pamoja, yeye na ile mboga. Mama wa mandazi akamuongezea, akageukia moto haraka.

Maua meupe yalipoanza kuonekana nilijua siku imefika. Nilienda sokoni kumuita. Alikuja mangaribi, amevaa kitambaa safi kichwani, viatu mukononi kwa sababu ya matope ya njia, akanawa miguu kwenye mulango mbele ya kukanyaga simenti yetu. Mama wa mandazi alinivuta pembeni.

"Shemeji, huyu si wa wale?"

"Ni wa mbegu," nilimujibu.

Nilimupa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa kimoja. Nikachuma mbele yake, vichwa tu, kwa kucha, na yeye aliangalia vidole vyangu bila kucheka. Mukubwa alipika: mafuta kidogo, kitunguu, chumvi. Tuliketi. Yule mama akakata tonge, akachovya, akatia kinywani. Hakuna mwenye alisogea. Nilikuwa naangalia ile mikono, nafikiri mikono yenye ilifanana nayo ilishika nini asubuhi ya kwetu. Alitafuna, akameza.

"Uchungu iko," alisema. "Mupe mutoto."

Mudogo alichukua. Hakutema. Alifunga macho, akatafuna muda murefu, ulimi ukipita kwenye meno kama mutu anatafuta kitu alichopoteza.

"Karibu," alisema.

"Karibu nini, mama yangu?" nilimuuliza.

"Karibu sawa ya mama. Ya mama iko na muchanga."

Yule mama alipasuka kicheko, akajipiga paja. "Muchanga! Mama yako alikuwa mutu wa kweli! Maji iko chini kabisa ya kilima, nani ataosha mboga mara tatu? Sisi wote tulikula muchanga!" Na mimi nikakumbuka, kama mutu amenimwagia maji ya baridi. Kweli. Muke wangu aliosha mara moja tu. Nililalamika kila siku, nikigusa jino, naye alinijibu, "Meno ni ya nini basi, kama si ya kusaga?" Nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka waliomuua wote, na yeye mwenyewe nilimusahau kwa jambo lake dogo.

Mudogo alikata tonge la pili. Akala. Akakata lingine. Hakumaliza sahani, musifikiri ni hadithi ya kanisani, lakini alikula, na yule mama aliendelea kumusogezea majani upande wake kwa kidole, taratibu, bila kumuangalia, sawa mutu anavuta kifaranga.

Nilimusindikiza mpaka njiani. Kwa desturi ile mutu hashukuru kwa mbegu, basi sikusema asante. Sikumuuliza kaka zake walikuwa wapi asubuhi ile. Naye hakuniuliza wa kwangu walikuwa wapi siku ya kwao. Alisema tu, "Acha shina moja izeeke, usikule yote," akavaa viatu akaenda. Alirudi mara nyingine na nyingine, kisha watu wa nyuma ya kanisa wakahamishwa, na sikumuona tena. Musifikiri pia kwamba nilisamehe. Yule muzee wa duka ningekutana naye leo, ningemutajia alichouza na aliowauzia mbele ya wateja wake wote. Lakini yule mama simuhesabu pamoja nao. Nilijaribu, ikanishinda.

Kesho ya ile siku ya kuchuma nilirudi kutoka shantie ya kujenga na njaa ya kweli. Mukubwa alikuwa amepika tena ile mboga. Nilikata tonge, nikachovya, nikatia kinywani, na jino likagonga jiwe.

"Papa, niliosha mara tatu, naapa!" Mukubwa alisimama. "Niliosha mpaka maji ikakuwa safi!"

Nilimuangalia mudogo. Aliangalia sufuria. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la njia, mpaka kwenye kiganja.

"Sasa iko ya mama," alisema.

Dada yake alinyoosha mukono ili akamwage. Nilishika sufuria. "Keti," nilimuambia. "Tunakula."

Tulikula. Meno yetu yalisaga, kra, kra, siye watatu juu ya ile simenti. Mudogo alikula mpaka akapangusa chini ya sufuria kwa kidole, na hakuna mwenye alitema.